Lenzi ya Sentimeta Themanini

Kihesa, Iringa
Jumapili, saa tisa mchana

Tusekile mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema dhumuni lake kubwa ni kujuliana hali. Hali yako naijua. Umekunywa chai hapa saa nne, umekula viazi vitatu, umesema unakwenda kumuaga shangazi yako, na hukusema utarudi saa ngapi. Tangu Alhamisi hatujazungumza vizuri, na kosa ni langu. Kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya kwenda kuanza kazi, nami nitabaki peke yangu katika nyumba hii kwa mara ya kwanza tangu niijenge. Simu ninayo, lakini kwenye simu nitakohoa, nitauliza kama huko mvua imenyesha, halafu nitakata. Kwa hiyo naandika.

Utaona herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa chekechea. Nimesogeza meza mpaka dirishani na bado karatasi inaonekana kama iko kwenye moshi. Ni huyu mtoto wa jicho, na wewe unamjua, maana ni wewe uliyenipima.

Habari za kula, kuvaa na kusali siziandiki. Mama yako mdogo pale Uyole atakuambia zote, tena kila moja mara mbili, na ukijifanya umesahau atapiga simu kwangu. Mimi nataka kukuambia mambo mawili niliyoyaharibu, ambayo hujawahi kuyasikia. Halafu nikujibu lile swali lako la Alhamisi.

Nianze na Alhamisi yenyewe. Nilikaa kwenye kile kiti cha kliniki ambacho nimewakalisha watu kwa miaka ishirini na nane, na nikagundua ni kibovu, kinauma mgongo. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuniambia. Ukanidondoshea dawa ya ganzi, ukasema, "Baba, angalia taa nyekundu, usikaze shingo." Nilikuwa nimejiandaa kukukosoa. Nilisubiri uguse jicho langu na ile ncha ya mashine ya kupimia urefu wa jicho nione kama utakandamiza, na sikusikia kitu. Nikadhani hujaanza, kumbe ulikuwa umeshachukua vipimo sita. Ukachukua kumi, ukakifuta kimoja kilichotoka kifupi kuliko vingine, hukuniuliza. Nilitaka kukuambia mkono wako ni mwepesi kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Sikukuambia. Nikasema tu kwamba kiti kirekebishwe.

Kisha ukachukua kalamu ukauliza, "Baba, unataka tukuwekee lenzi ya kuona mbali au ya kuona karibu?"

Nami nikajibu mbele ya yule muuguzi mgeni, "Weka sifuri, ya mbali, kama watu wote. Unaniuliza nini wakati kazi hii nimekufundisha mimi?"

Ukaweka kalamu chini. "Siandiki mpaka unijibu," ukasema, tena kwa sauti ya chini, sauti ya mama yako kabisa. Tukarudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara. Fomu ukaiacha hapa mezani chini ya kopo la sukari, na nafasi ile ya lenzi haijajazwa. Daktari wa upasuaji anakuja baada ya wiki mbili, na wewe hutakuwepo. Umedhani nimekudharau. Haikuwa hivyo, mwanangu. Swali ulilouliza ndilo swali ambalo mimi sikumuuliza mtu mmoja, na nilipolisikia kutoka kinywani kwako nilishtuka, na mimi nikishtuka huwa nakuwa mkali. Mama yako alikuwa akisema nikikanyaga mwiba ninaugombeza.

La kwanza ni la mzee mmoja wa Idodi.

Ulikuwa hujazaliwa. Tulikwenda kambi ya macho kule kwenye barabara ya kwenda mbugani, na watu walikuwa wengi mpaka wengine walilala kwenye veranda ya shule. Huyu mzee alifika amevaa koti la suti na viatu vya matairi. "Kamwene," akasema, na kabla sijaitikia vizuri akaanza kunieleza shida yake. Alikuwa analinda shamba la mahindi la familia, na tembo wakitoka mbugani yeye ndiye anayepiga debe watu wakimbie.

"Daktari, mimi shida yangu ni ndogo," akaniambia. "Nataka nimwone tembo kabla tembo hajaniona."

Watu wote kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka. Mimi si daktari, lakini siku zile nilikuwa sijaanza kuwakatalia wanaoniita hivyo. Nikampima kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa linakwenda na jenereta lilikuwa linakohoa. Nilimkandamiza. Najua nilimkandamiza kwa sababu kipimo cha kwanza kilitoka kirefu, cha pili kifupi, cha tatu kifupi, nami nikachukua vile viwili vilivyofanana nikakitupa kile cha kwanza. Wewe leo ungefanya kinyume. Jicho ni laini, ukilisukuma linabonyea, mashine inaliona fupi, na mahesabu yanakupa lenzi yenye nguvu kupita kiasi, inayoona karibu tu. Milimita moja tu ya haraka yangu ilitosha kumharibia.

Alikuja Iringa miezi mitano baada ya kuwekewa lenzi, kaniletea jogoo. Hakuja kulalamika, alikuja kunishukuru. Akanyoosha kiganja mbele ya pua akaniambia anaiona mistari yote, hata ile ambayo hakujua anayo. "Tembo ndiyo simwoni," akasema, "lakini huo ni uzee, daktari. Siku hizi analinda mjukuu wangu." Nikampima miwani ya mbali nikampa, akaivaa akaangalia nje ya mlango, akanishukuru tena.

Ningeweza kumwambia pale pale. Ilikuwa sentensi moja tu: mzee, si uzee, ni mkono wangu. Jogoo alikuwa amefungwa miguu chini ya kiti, ananiangalia. Nikasema, "Karibu tena, mzee." Yule jogoo tulimla Jumapili, na mama yako akashangaa kwa nini sikumaliza paja.

Tangu siku ile sikukandamiza tena jicho la mtu. Wenzangu walinisifu kwa uvumilivu, hawakujua ulikotoka. Nilidhani nimeshajifunza kila kitu ambacho kazi hii inaweza kumfundisha mtu, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Sasa nakuja kwenye la pili, na hili nimeliandika na kulichana mara mbili tangu mchana.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimtungia mama yako uzi kwenye sindano? Ulikuwa darasa la sita. Ukirudi shule tu unamkuta na sindano tatu amezichoma kwenye mto wa kiti, unazitunga zote kabla hujavua sare. Ulidhani mama anazeeka. Nilikuacha udhani hivyo miaka yote hii.

Mama yako alikuwa na macho ya kuona karibu tangu utoto wake huko Tukuyu. Nilipomuoa nilimpima mwenyewe, mainasi tatu macho yote mawili. Miwani ya mbali nilimtengenezea, akaivaa kanisani wiki mbili akaiweka kabatini, akasema inambana pua. Barabarani alipishana na watu bila kuwasalimia kwa sababu hakuwaona, nao wakasema huyu Mnyakyusa wa nani anaringa. Lakini mpe kitu mkononi. Alifuma masweta ya nusu ya mtaa huu, alidarizi vitambaa vya meza, alimtoa mtoto funza bila mtoto kulia. Biblia yake ile ya herufi ndogo alikuwa anaisoma kitandani bila miwani, ameiweka karibu na pua, hata kwa kibatari.

Na alikuwa na tabia moja ambayo wewe huenda huikumbuki. Akizungumza nami alisogea. Alikuja karibu kabisa, kati ya uso wake na wangu pakabaki nafasi ya kiganja na nusu, hapo ndipo anaanza kusema. Ndugu zangu Wahehe hawakuzoea mambo hayo, na shangazi yako aliona ni kukosa adabu. Mimi nilikuwa napenda kuliko ninavyoweza kukuandikia. Mtu akikuangalia hivyo kila siku unajiona kama una maana duniani.

Kisha sukari ikampata, na sukari ikamletea mtoto wa jicho mapema, macho yote mawili. Nilikuwa na huzuni, lakini nikuambie ukweli, nilikuwa na furaha pia. Nilijiambia, sasa mke wangu nitamtengeneza. Lenzi inaingia ndani ya jicho, hakuna kubana pua. Nitampa mbali, aone mlima, awasalimie watu, waache kumsema.

Nilimpima kwa siku mbili, asubuhi na mchana, mpaka akaniuliza kama natafuta hela humo ndani. Vipimo vilitoka safi kuliko vya mtu yeyote niliyewahi kumpima. Daktari wa upasuaji wa wakati ule alikuwa mtu wa maneno machache. Akaangalia karatasi, akaona miwani yake ya zamani ni mainasi tatu, akaniuliza, "Amezoea kuona karibu huyu. Umemuuliza anataka nini?"

Nikamjibu, "Namjua, ni mke wangu."

Naye mama yako alikuwa amekaa pale pale, futi nne kutoka kwetu, mikono mapajani. Hakuulizwa na hakusema. Unajua desturi zetu, mume akiwepo mgonjwa huwa anaangalia chini na mume ndiye anayejibu. Nimewaona mamia wakifanya hivyo na nikawakatiza waume wengi tu nikasema, mwache mama aseme mwenyewe. Siku hiyo mume alikuwa mimi.

Kwenye bahasha hii nimekuwekea fomu yake. Niliichukua kliniki siku niliyostaafu, na usiniulize kama niliomba ruhusa. Angalia mstari wa nne. Pameandikwa "Kazi ya mgonjwa", na mbele yake, kwa mwandiko wangu, "Mama wa nyumbani." Wakati naandika hivyo nilikuwa nimevaa sweta la kijani alilonifumia yeye. Mikono yake ndiyo iliyonipasha moto nikaweza kushika kalamu, na bado nikaandika hivyo. Mstari wa saba ni lengo la lenzi. Nimeandika sifuri.

Siku ya kufungua bandeji ya jicho la pili wodi nzima ilisimama. Aliangalia dirishani muda mrefu. "Kile kinachotembea kule juu mlimani, kwenye miti ya milingoti, ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni ng'ombe. Akasema, "Kumbe huwa wanaonekana." Akacheka, watu wakapiga makofi, na muuguzi mkuu akanipa mkono kama nimeoa upya. Tulipokuwa tunashuka kwenda nyumbani aliwasalimia watu wote aliokutana nao, mpaka wasiomjua. Mtaani wakasema upasuaji umemtoa majivuno.

Miwani ya kusomea nilimletea siku hiyo hiyo. Niliona hilo ndilo lililobaki, na limekwisha. Alivaa. Akaikalia, nikaleta nyingine, akaifunga kamba shingoni. Alifuma, ila alifumua sana. Sweta la kijani lina shingo aliyoirudia baada ya upasuaji, na ukiligusa utasikia zile nyuzi mbili zilizopishana. Ndilo nililovaa sasa hivi. Pole pole sindano za kufumia zikahamia chini ya kitanda.

Na akaanza kurudi nyuma.

Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Nikimsogelea kumwambia neno, anarudi nyuma. Si hatua nzima, ni mabega tu, kichwa kinakwenda nyuma na macho yanakuwa madogo. Mezani alisogeza kiti chake. Kitandani aligeukia ukutani mapema. Nikajiuliza nimemkosea nini. Baadaye nikaacha kujiuliza, nikakasirika. Nikajiambia, nimempa macho, na sasa ameniona vizuri hanipendi. Nakuandikia mambo haya ya aibu kwa sababu ndivyo nilivyowaza, mimi mtaalamu wa macho, mtu anayejua kwa hesabu kabisa ni umbali gani mwanamke yule anaona na umbali gani haoni. Nikaanza kukaa sana kazini. Nikawa nakwenda kila kambi, hata zile ambazo si zamu yangu. Zile safari zangu za Chunya ulizokuwa unajivunia shuleni, baba yangu anakwenda kuponya watu, nusu yake nilikuwa nakimbia meza hii.

Miaka tisa tuliishi hivyo. Hatukugombana, ungesikia. Tulikuwa wapweke tu, watu wawili ndani ya nyumba moja, na wewe katikati yetu ukitunga uzi kwenye sindano.

Mwaka wa mwisho, figo zilipokuwa zimeshachoka na wewe uko chuoni, nilikuwa namlisha uji. Miwani ya kusomea ilikuwa imeanguka chini. Nilikuwa nimekaa karibu, na akarudisha kichwa nyuma kama kawaida yake, nami nikachoka. Nikamuuliza kile ambacho ningepaswa kumuuliza tangu mwanzo.

"Mama Tuse, kwa nini unanikimbia?"

Akaniangalia kwa mshangao kabisa. "Mimi nakukimbia?" akasema. "Baba Tuse, si wewe uliyeniwekea vioo vya mbali. Nikikukaribia unakuwa ukungu. Nikirudi nyuma ndipo nakuona, ila sasa na wewe unaondoka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema watu walikuwa wamepiga makofi, na mimi nilikuwa nimefurahi sana siku ile, hakutaka kunivunja moyo. Halafu akasema, "Na mlima nilikuwa nauona, usifikiri ulinipa bure." Alisema hivyo kunifariji. Mtu yuko kitandani anaondoka, bado ananifariji mimi.

Niliokota miwani nikamvalisha. Akaniangalia akiwa nayo, kwa karibu, kiganja na nusu kama zamani, akasema nimekuwa na mvi nyingi kwenye nyusi na hakuna aliyemwambia. Tuliongea mpaka uji ukapoa. Baada ya hapo aliishi wiki saba. Nazihesabu hizo wiki saba kuwa ndoa yangu ya pili, na nyingine ile ya miaka tisa sijui niiite nini.

Sasa unajua kwa nini nilikufokea Alhamisi.

Sikuandikii hili ili nikupe kanuni. Kanuni unazo, na mashine mtakayotumia huko Mbeya nimesikia haigusi hata jicho, mtu anaangalia tu mwanga na namba zinatoka zenyewe. Nimefurahi. Mzee wa Idodi asingepata shida na mashine hiyo. Lakini mama yako angepata shida ile ile, kwa sababu mashine itakupa lenzi ya umbali wowote utakaoitajia, haitakuambia mtu huyu maisha yake yako umbali gani. Wataletwa kwako wachimbaji kutoka Makongolosi, na ndugu zao watasema mpe mbali, wote huwa wanasema mpe mbali, ni neno zuri. Huenda huyo mtu kazi yake ni kuangalia chembe za dhahabu ndani ya karai. Huenda ni mama anayechambua maharage sokoni Uyole. Wewe uliuliza Alhamisi kabla sijakufundisha, maana mimi hilo sikukufundisha, nililijua nimechelewa na nikaona aibu. Sijui umelitoa wapi. Nadhani ulilitoa kwenye zile sindano.

Nilikusikia ukimpima yule bibi wa Ipogolo pale kliniki mwezi uliopita. Mwanawe wa kiume akajibu kabla yake, ukamwambia, "Kaka, nisubirie hapo nje kidogo." Bibi akakaa kimya muda mrefu sana, mimi nikiwa kwenye benchi nikawa naumia kwa niaba yako. Hukumharakisha. Mwisho akasema anataka kuona mchele, asile mawe. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Jua limeshuka, imebidi nisogee dirishani zaidi. Niseme na la upweke nimalize. Wewe ukiwa chuoni nilikuwa na mama yako, na alipoondoka ukarudi wewe. Kesho itakuwa mara ya kwanza naamka na hakuna mtu wa kuniambia nimeweka maji mengi kwenye ugali. Nitapika wa watu wawili kwa muda, najijua, na mbwa wa jirani atanenepa. Naogopa, Tuse. Siogopi upasuaji, huo nimeusimamia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kumwelekeza daktari nikiwa nimelala pale. Naogopa kufunguliwa bandeji, nione vizuri kabisa nyumba isiyo na mtu. Lakini usighairi safari. Ukighairi nitakasirika kweli, na safari hii sababu nitakuwa nayo.

Kwa hiyo nimekaa na fomu yako hapa nikawaza kwa uaminifu, kama nilivyopaswa kuwaza kwa ajili yake. Mbali kuna nini? Kuna mlima, nao nimeuona miaka sitini na moja, haujahama. Kuna barabara utakayoondokea. Na wewe utakuwa Mbeya, na hakuna lenzi ya kufika huko, hata ukiniwekea sifuri ya namna gani. Karibu kabisa, kiganja na nusu, alikuwepo mtu mmoja tu na hayupo.

Nikaenda kwenye kikapu cha mama yako nikatoa futi yake ya kitambaa. Nikapima meza hii, kutoka kiti changu mpaka kiti chako, pale unapokaa ukiinamia sahani na kunichungulia kama nimetia chumvi. Nimerudia mara tatu, sikukandamiza. Ni sentimeta themanini.

Hesabu ni nyepesi, mia moja gawanya kwa themanini, mainasi moja na robo. Nimeangalia karatasi yako ya mashine kwa kioo cha kukuzia: lenzi ya nguvu ya ishirini na moja na nusu ndiyo ya mbali, ambayo ungeweka kama ningeendelea kuwa mbishi. Shuka mistari mitatu. Ishirini na tatu. Ndiyo hiyo. Ya barabarani nitavaa miwani, pua yangu ni nene, haibanwi.

Fomu nimeijaza mwenyewe na iko chini ya kopo la sukari, uipitishe kliniki kesho kabla ya basi, mlinzi atakupokelea. Mstari wa saba nimeandika hiyo mainasi moja na robo. Mstari wa nne, kwenye kazi, nilianza kuandika mstaafu, nikakata. Nimeandika "Baba wa nyumbani." Wakicheka, waache.

Krismasi ukija, mambo yote ndani humu unaweza kuyahamisha, hata mapazia yale unayoyachukia. Ila kiti chako usikisogeze.

Baba yako